Bitana ya Bati

Buganguzi, 4 Agosti 2024

Mpwa wangu Jovitha,

Tumsifu Yesu Kristu.

Barua yako mumeo Avit kanikabidhi leo asubuhi. Kaegesha Fuso lake la ndizi, kaichomoa barua kwenye soksi kama mtu anayevusha almasi, kisha kaondoka bila hata kunywa maji. Nikaenda kuisoma katikati ya migomba, nimechutama, ili mama yako asinione.

Sasa najua mambo mawili ambayo hapa Buganguzi hayajui mtu mwingine. La kwanza, daktari amekulaza kitandani mpaka mtoto azaliwe mwishoni mwa Oktoba, usisimame hata kumenya ndizi, la sivyo mimba itatoka. La pili, mama yako asiambiwe, maana atafunga safari ya Bukoba kwa miguu. Umeniandikia "usiseme" mpaka kalamu imetoboa karatasi. Jovitha! Katekista aliwahi kunipa siri yake niitunze. Miaka ikapita, akaisahau mwenyewe, akaja kuniuliza. Nikamkatalia.

Na kweli, barua ni bora kuliko simu. Simu yangu imebaki na spika tu, sikio lake lilikufa siku niliyompiga nayo mamba pale mwaloni. Nikiongea na wewe, Kimwani nako wanaitikia.

Sasa nyumba. Nyumba uliyomjengea mama yako, waitu, inang'aa. Lile bati la bluu marubani wanaotua Bukoba wanalitumia kukatia kona. Watu wanaokuja mnadani wanapitia hapa kwanza waone. Lakini dada yangu Verdiana haingii. Anafagia sebule, anafunga mlango, anarudi kulala kwenye lile jiko lake la nyasi, na moshi wake, na ukuta wake ulioinama kama mzee anayetafuta sindano. Nikimuuliza sababu anasema, "Mna joto." Basi.

Joto limo kweli. Juzi saa saba mchana kuku aliingia kutaga sebuleni, yai likatoka limeiva. Tulilila na chumvi.

Nimekuelewa. Mama mkwe wako ni marehemu, huna mwingine wa kukulea uzazi ila mama yako, na kichanga hakiwezi kulala kwenye moshi ule, tena mvua za vuli zikija litakuwa jiko la samaki. Kwa hiyo lazima Verdiana akubali kuhamia nyumba ya bati kabla hujajifungua. Unaniuliza tuweke nini juu ya dari kuzuia joto. Umemuuliza mtu sahihi. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wanaogopa maswali yangu, lakini nyumba nazijua.

Jibu ni makapi ya kahawa. Ni mepesi, makavu, na kinu cha kukoboa kinayatupa. Nimekwisha anza kuyapandisha.

Mjomba wako,
Kahigi

*

Bukoba, 9 Agosti 2024

Mjomba Kahigi, shikamoo.

Tafadhali shusha makapi. Leo, siyo kesho.

Hapa kitandani sina kazi ila kuuliza watu. Kila fundi anayekuja kuchukua nguo zake naitwa nimweleze zilipo, basi nami namshika namuuliza habari za dari. Makapi ya kahawa ni chakula cha panya, na cheche moja ya waya wa umeme inatosha. Kuna ile sponji nyeupe ngumu, ya kufungia redio na friji, watu wengine wanaikata wanaipanga juu ya dari. Inazuia joto, lakini ikishika moto inatiririka kama mafuta. Sitaki juu ya kichwa cha mwanangu.

Mimi ni mshona nguo, Mjomba, nafikiri kwa vitambaa. Koti bila bitana haliwezi kukaa vizuri mwilini. Bati ni koti, nyumba yetu haina bitana. Nimepata karatasi ya kung'aa upande mmoja kama kioo. Inatandazwa chini ya bati, juu ya dari, isibane, iachwe nafasi ya hewa kupita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Wanasema joto la bati likiigonga linarudi juu. Avit ataileta Jumanne, imeviringishwa kama mikeka. Fundi awe Aroni, yeye ndiye aliyepiga kenchi za paa, anajua pa kukanyaga.

Mama ameniuliza kwenye simu mbona siendi nyumbani. Nimesema kazi nyingi, sare za shule. Nilisikia anakaa kimya. Hujamwambia?

Mimi,
Jovitha

*

Buganguzi, 21 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Sijamwambia. Niulize tena na nitakasirika.

Kuhusu makapi, yameshuka. Sikuyashusha mimi, yamejishusha. Jumatano jumuiya ilisali hapo kwenu. Mama Edvina, mwenyekiti, alikuwa amesimama katikati ya sebule anaongoza litania, amefika "utuombee," silingi bodi ikaachia pembe moja. Yalimwagika makapi, Jovitha, kama Mungu amekoboa kahawa ya dunia nzima siku moja. Mama Edvina akatoweka mpaka kiunoni. Tulimtambua kwa rozari, alikuwa ameiinua juu. Na wala hakukatiza sala, yule mama ni jeshi. Alipotolewa akaniambia, "Ta Kahigi, mambo yako haya peleka kwako." Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mazishi ya baba yako.

Sasa sikiliza juu ya hiyo karatasi yako.

Nilipoiona nilidharau. Nikamwambia Aroni, hii ni ya kufungia biskuti. Akapanda nayo, akaitandaza kenchi hadi kenchi, akaacha nafasi kama ulivyosema. Kesho yake nikangoja saa saba, jua liko utosini, mbwa wamelala chini ya gari. Nikaingia ndani. Nikapanda kwenye kiti nikaweka kiganja kwenye dari.

Ilikuwa ya baridi. Jovitha, baridi, kama ubavu wa mtungi! Nikatoka nje, nikaegesha ngazi, nikagusa bati kwa kidole. Kikaungua, hiki hapa kina lengelenge, Avit ni shahidi. Nikarudi ndani nikagusa tena. Baridi. Nimetoka na kuingia hivyo mpaka jirani Kamala akauliza nimepoteza nini. Kati ya moto ule na ubaridi huu hakuna kitu ila hewa kidogo na karatasi ya biskuti! Jua limesafiri kutoka mbinguni huko, limefika kwa Verdiana, likaambiwa rudi, nalo likarudi. Nimekaa sebuleni mpaka jioni nikiiangalia dari kama mtu anayengoja itaje jina lake.

Mama yako amegusa pia. Akasema, "Mae! Hii ni kama ndani ya mushonge wa baba." Unajua babu yako alikuwa mjenzi wa mishonge, zile nyumba za duara za nyasi, na ndani mwake mchana wa Januari ulikuwa unavaa shuka.

Amehamisha kitanda. Analala ndani kuanzia leo. Andaa nepi.

Mjomba wako, mshindi wa jua,
Kahigi

*

Bukoba, 25 Agosti 2024

Mjomba,

Nimeisoma barua yako kwa sauti na mtoto kapiga teke penye Mama Edvina. Asante. Asante sana. Daktari amesema tunaendelea vizuri, nisisimame tu.

Nimemwambia Avit apake rangi kile chumba cha upande wa migomba. Kitakuwa cha mtoto na mama. Niambie anavyolala humo. Anakohoa bado?

Jovitha

*

Buganguzi, 1 Septemba 2024

Mpwa wangu Jovitha,

Mama yako amerudi jikoni.

Alilala ndani siku chache, vizuri tu, kikohozi kikapungua. Jana mchana ikaja mvua, ile ya kushtukiza inayotoka ziwani bila hodi. Nilikuwa sebuleni naye, ananipa kahawa. Bati likaanza. Karatasi yako inazuia jua, mwanangu, lakini mvua haiijui kabisa. Nilimwona mama yako anafungua mdomo nisisikie kitu. Nikapiga kelele, "Unasemaje?" Yeye naye hakunisikia. Akasimama, akakunja mkeka wake, akatoka nao kwenye mvua ile ile, hakukimbia, anatembea, mpaka jikoni.

Nikamfuata. Nikamkuta ameketi, mkeka umelowa, maji yanamtoka kwenye kilemba. Nikamwambia, "Dada, joto limekwisha. Sasa unakimbia nini?"

Akasema, "Kaa chini, Kahigi. Na mara hii moja usinijibu."

Nikakaa.

"Siku ile anakufa Rutaihwa, mvua ilikuwa inanyesha."

"Naikumbuka mvua ile, ndiyo iliyobeba daraja la..."

"Nimesema usinijibu."

Akaniambia hivi. Kwenye zahanati ile walikomlaza baba yako hapakuwa na dari, ni bati tupu. Baba yako akamwita kwa mkono. Akainama. Akaona midomo inasema, tena si neno moja, maneno. Akaweka sikio pale pale mdomoni, akasikia pumzi ya moto, lakini maneno yote yalimezwa na bati. Akamwambia kwa ishara, ngoja mvua ipungue, baba Jovitha. Baba yako akakubali kwa macho. Mvua ilipopungua hakuwa anangoja tena.

"Sijui aliniambia nini," akasema. "Labda alitaka maji."

Kisha akasema jambo lingine. "Na Jovitha unayemficha, najua amelala. Mtu aliyelala sauti yake kwenye simu hutokea shingoni. Wiki zote hizi anasema anashona sare, na sijasikia cherehani hata mara moja." Mimi sikufungua mdomo, Jovitha, naapa. Ni wewe uliyesahau cherehani.

Akasema, "Kichanga kinachoumwa hakilii kwa nguvu. Kinatoa kasauti kama ka paka aliyefungiwa sandukuni. Chini ya nyasi hizi nitakasikia. Chini ya bati lenu atakufa nimempakata, na mimi namwimbia."

Hayo ndiyo.

Kahigi

*

Bukoba, 5 Septemba 2024

Mjomba,

Mama alituambia baba alikufa usingizini.

Nataka nikuulize, na usinichukie. Nimekubali mamba wa simu. Nimekubali yai lililoiva na marubani. Nilipokuwa mdogo nilikubali hata kwamba ulivuka kwenda kisiwani umeshika mkia wa kiboko. Hadithi zako zimenilea. Lakini hii sitaki iwe nzuri, nataka iwe kweli tu. Umeiongezea chochote?

Jovitha

*

Buganguzi, 9 Septemba 2024

Jovitha,

Sijaongeza. Fikiri mwenyewe. Kama ningeitunga mimi, Rutaihwa angesema kitu. Ningempa maneno mazuri, watu wangelia msibani mpaka leo. Hii haina maneno yake. Ndiyo maana ni kweli.

Sasa nikwambie nilichokiona jana kanisani, nacho ni kweli vilevile. Nilikuwa naipiga ngoma kubwa kwenye wimbo wa matoleo. Unajua ninavyopiga, ngoma yangu wanaisikia Rubafu wanaanza kucheza kabla ya wimbo kufika. Padri akainua mkono, anataka kimya ghafla, kuna mtoto ameanguka. Nikaweka kiganja juu ya ngozi. Ngoma ikanyamaza pale pale, kama imekatwa kwa panga.

Nikabaki nimekiweka kiganja pale. Watu wameketi mimi nimesimama. Kwa sababu niliona, Jovitha. Bati ni ngozi ya ngoma! Mvua ni mpigaji. Makapi yangu yalikuwa chini huko, mbali na ngozi. Karatasi yako nayo haigusi, na inafanya vizuri kutokugusa, kwa jua. Lakini ngoma hainyamazishwi na mtu aliyesimama pembeni. Lazima kiganja kigusane nayo.

Tumekuwa tunachagua bitana ya joto, wakati dada yangu hakuwa anakimbia joto. Alisema joto kwa sababu joto linasemeka.

Tafuta kitu kinene, laini, kizito kiasi, kisichoshika moto, kisicholiwa na panya, ambacho tutakibana kwa chini dhidi ya bati lote, kila mahali, kama kiganja. Kama hakipo duniani niambie nikivumbue.

Mjomba wako

*

Bukoba, 2 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo.

Kipo.

Imenichukua muda kwa sababu hapa mjini watu wengi hawakijui. Ilibidi Avit azunguke. Kuna fundi wa vyumba vya baridi vya samaki ambaye kazi iliisha akabaki na marobota. Inaitwa sufi ya mawe. Ni mawe ya kweli, Mjomba, yanayeyushwa kwenye moto mpaka yanakuwa uji, kisha yanasokotwa kama ile pamba ya sukari ya kwenye maonyesho, yanatoka nyuzi. Haishiki moto kwa kuwa imekwisha pitia moto. Panya haili. Kuna na sufi ya kioo, nyepesi zaidi, ingetosha kwa joto, lakini kwa kelele huyu fundi anasema chukua ya mawe kwa sababu ni nzito.

Aroni avae glovu na afunge kitambaa puani, inawasha. Nguo za mikono mirefu. Wasifunike waya wala ile nafasi ya hewa ukingoni. Karatasi ya kung'aa ibaki pale pale chini yake.

Tatizo moja: fundi wa samaki huibana kati ya mabati mawili. Sisi tutaibana na nini ili isishuke ikaacha kugusa? Sijui.

Nimempigia mama. Hatukuongea habari za baba. Aliniuliza, "Umelalia ubavu gani?" Nikasema wa kushoto. Akasema, "Vizuri." Tukakaa hivyo kwenye simu mpaka salio likaisha.

Miguu imeanza kuvimba. Daktari ananiangalia kwa namna ambayo siipendi.

Jovitha

*

Buganguzi, 13 Oktoba 2024

Mpwa wangu Jovitha,

Tumsifu Yesu Kristu.

Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu mambo wasiyoyaamini. Juzi zamu ikawa yangu kuambiwa jambo nisiloliamini. Nilifungua robota, nikachovya mkono, nikashika wingu. Nikaambiwa hilo ni jiwe. Nikasema acheni utani, jiwe nalijua, limenivunjia jembe. Nikachukua kipande nikakiweka kwenye moto wa dada yangu, katikati ya makaa, mahali chungu kinapokaa. Tukakiangalia, mimi, mama yako, Aroni, Kamala aliyekuja kuazima chumvi akasahau chumvi. Makaa yakawa mekundu, kile kipande kimekaa tu. Nikakitoa kwa koleo. Kilikuwa vilevile. Kamala akajipiga ishara ya msalaba. Nimekaa na watu wakubwa, nimepanda meli, sijaona kitu kama hicho: jiwe limefundishwa kuwa pamba, na bado linakumbuka kuwa ni jiwe.

Sasa habari ya kuibana. Aroni alipendekeza misumari, nikakataa, nikapendekeza gundi, akakataa. Mama yako alikuwa anachambua maharage. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba alikuwa anashikilia nyasi za mushonge kwa kitu gani?"

Tukamtazama.

"Pete za mafito," akasema. "Anazikunja, anazifunga kwa ndani, moja chini ya nyingine kuanzia kileleni, zinasukuma nyasi juu. Mimi ndiye niliyekuwa namrushia kamba. Wewe Kahigi ulikuwa unalia unataka kunyonya."

Basi ndivyo tulivyofanya, isipokuwa nyumba hii ina pembe, kwa hiyo mafito yamekwenda moja kwa moja, ukuta hadi ukuta. Tulikata mafito, tukayakausha, tukayapaka dawa ya mchwa. Aroni juu, kama jambazi, kitambaa puani. Mimi kwenye ngazi, napitisha. Mama yako chini, anatazama kupitia tundu la dari, anatoa amri: "Pale pamelegea. Sukuma. Hapana, shikilia kwa goti. Funga mara mbili." Sauti yake ilikuwa ya babu yako. Nilitii kama mtoto. Ikapigwa sufi yote, kutoka kileleni hadi karibu na ukingo, imegusana na bati kama mtu aliyebandika shavu ukutani anasikiliza.

Tulipomaliza nikataka kuijaribu. Mbinguni hakuna hata wingu. Nikapanda juu ya paa na debe la mahindi makavu, nikayamwaga kutoka kileleni. Kwa nje yaliporomoka kwa kishindo, kuku wa vijiji viwili wakakimbilia. Nikashuka mbio nikamkuta mama yako sebuleni.

"Umesikia?"

"Nimesikia kitu kama mtu anayepita kwenye majani makavu huko mbali."

"Basi umehamia!"

Akanitazama. "Mvua si mahindi, Kahigi."

Hajahamia. Tunangoja mvua, nayo imejificha. Mimi, mkulima, kila asubuhi naiangalia mbingu namwomba Mungu anyeshee bati.

Mjomba wako,
Kahigi

*

Bukoba, 19 Oktoba 2024

Mjomba,

Naandika haraka. Amekuja mapema, juzi alfajiri. Ni mvulana, mdogo kama mkono wa cherehani, lakini mzima. Wametuweka chini ya uangalizi, na wakituruhusu Avit atatuleta moja kwa moja Buganguzi. Daktari amesema akae mahali pasipo moshi, pasipo baridi. Siyo jikoni, Mjomba. Mwambie mama. Akilia nitakuwa siwezi kumkatalia, kwa hiyo wewe mwambie kabla hatujafika.

Hajapewa jina.

Jovitha

*

Buganguzi, 17 Novemba 2024

Mkwe wangu Avit,

Tumsifu Yesu Kristu.

Pole na gia boksi ya Fuso. Najua umekwama Bukoba na unataka habari za mkeo na mtoto, na Jovitha anasema kwenye simu anakwambia "wazima" tu. Nampa kondakta wa basi barua hii ikupate leo.

Wazima.

Tangu ulipowaleta, mama mkwe wako ameishi ndani ya nyumba ya bati. Hakubishana. Daktari kasema, basi. Lakini hakulala. Unajua alivyokuwa siku uliyoondoka: ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda, kiganja chake juu ya kifua cha mtoto. Mchana na usiku. Akila, anakula kwa mkono mwingine. Jovitha akimwambia, "Mama, pumzika, anapumua," anasema, "Najua, namshika." Hayaamini masikio yake chini ya bati lile. Anaamini kiganja. Amekonda. Niliogopa tutamzika bibi kabla mjukuu hajajua kucheka.

Jana alasiri mvua ikaja.

Sitakwambia ilikuwa kubwa kiasi gani. Nadhani iliwapitia huko, unaijua. Mimi nilikuwa kwenye shamba la kahawa, nikakimbia, siisikii hata miguu yangu mwenyewe. Nikasukuma mlango nikapiga kelele "HODI!" kama mtu anavyopiga kelele akiingia kwenye nyumba ya bati mvua inaponyesha.

Verdiana akaweka kidole mdomoni.

Nikafunga mlango. Avit, sijui nikuelezee vipi. Dirishani niliiona, nyeupe, migomba inalala na kuamka, maji yanaruka kutoka ukingo wa paa kama ng'ombe wanaotoka zizini. Niliiona yote. Na sauti yake ilikuwa mbali, kama mvua inayowanyeshea watu wengine huko Kimwani. Nilisimama pale mlangoni nikasikia tone linadondoka kutoka kwenye koti langu kwenda sakafuni. Kisha tone lingine. Nikasikia Jovitha anavyovuta pumzi usingizini. Nimeingia makanisa makubwa, sijawahi kuogopa kupumua kama nilivyoogopa sebuleni kwa dada yangu.

Nikasogea mpaka mlango wa chumba. Mtoto alikuwa ameamka. Hakulia. Alitoa kasauti, kadogo, siwezi kukaandika, hakana herufi.

Dada yangu akainama. Akasema, "Nimekusikia, Rutaihwa."

Najua ukoo wenu una majina yake, na najua ulikwishamwambia Jovitha kwamba jina la babu huyu halina ubaya ikiwa bibi atataka. Bibi alikuwa hajalitamka. Jana amelitamka, mvua ikiwa inanyesha, na mtoto akanyamaza kama mtu aliyejibiwa.

Kisha akaondoa kiganja.

Alikiangalia kidogo kile kiganja, akakipangusa kwenye kanga. Akasimama, magoti yakalia, hata hayo niliyasikia. Akaenda sebuleni, akavuta ungo, akaanza kumenya ndizi, amempa mtoto mgongo. Mvua inapiga. Kila baada ya ndizi kadhaa anaacha kisu, anainua kichwa, anasikiliza, anaendelea.

Mimi nilikaa kwenye kiti mpaka mvua ikaisha, na sikusema neno lolote. Hilo la mwisho hutaliamini, Avit, lakini muulize mama mkwe wako. Alikuwa anasikia.

Kahigi